Ule mchezo wa wazee wa ndevu na mashoka: leo wamenicheka mbele ya mteja wangu

Fundi wa Kaloleni:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na msiniambie ni baridi ya Arusha. Ni hasira. Wale jamaa wa sloti, ule mchezo wa kubahatisha wa kwenye simu, mnawajua. Siwataji kwa sababu hakuna asiyewajua. Tangazo lao unalala nalo, unaamka nalo, ukiwasha simu uangalie saa yule mzee wa jicho moja ameshafika kabla ya saa yenyewe.

Leo saa tisa mchana nimemaliza kupiga pindo sare mbili za shule, nikasema nipumzike dakika kumi. Salio elfu arobaini. Dau jero. Nguzo tano, kila nguzo alama tatu: mashoka, pembe za kunywea, kunguru, meli yenye kichwa cha joka, na ngao. Ngao ndiyo kila kitu. Zikitua tatu, mlango wa ukumbi wa miungu unafunguka, unapewa mizunguko kumi ya bure na kila ushindi unazidishwa mara tatu. Hiyo ahadi wameiandika wenyewe, sijawasingizia.

Sasa sikieni. Ngao ya kwanza ikatua nguzo ya kwanza, kishindo kama gunia la mahindi limeangushwa kutoka kwenye fuso. Ya pili ikatua nguzo ya tatu. Simu ikaanza kutetemeka kiganjani. Ngoma zikaanza. Skrini yote ikawa giza, ikabaki nguzo ya tano peke yake inawaka, inazunguka taratibu, taratibuuu, kama kifodi kinachotafuta abiria Kilombero. Nikaweka mkasi chini. Mama aliyekuja kuchukua sare naye akanyamaza. Naiona ngao inashuka. Inashuka. Ukingo wake wa chini ukachungulia dirishani, misumari yake naihesabu, mitatu. Ikasimama hapo hapo. Juu ya mstari. Unene wa uzi wa cherehani!

Halafu yule mzee akacheka. HO HO HO. Na simu nilikuwa nimeifungua sauti mpaka mwisho. Kaloleni nzima imesikia nikichekwa, mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Kuliwa nimezoea, mchezo ni mchezo. Lakini kuchekwa? Mzunguko uliofuata, kana kwamba haitoshi, tarumbeta, sarafu zinamwagika skrini nzima, maandishi makubwa kama ya bango la harusi: UMESHINDA! Nimeshinda nini? Shilingi 120. Dau langu 500. Umenichukulia 380 halafu unanipigia tarumbeta? Muuza nyanya akikurudishia chenji pungufu halafu akapiga vigelegele, si mnafikishana kwa mtendaji wa mtaa?

Elfu arobaini yote imekwenda. Ilikuwa ya zipu na bitana. Lakini sililii pesa, nalilia ile ngao. Misumari mitatu nimeiona kwa macho yangu.

Mzee wa Sakina:
Pole mkuu. Sasa yule mama alipata sare zake?

Fundi wa Kaloleni:
Alipata. Alipozikunja akaniuliza, "Fundi, huyo babu anakucheka nini?" Nikakosa la kumjibu.

Dada Njiro:
Yule mzee ni Odin, mungu wa Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini ya Ulaya. Kwenye hadithi zao jicho lake moja alilitoa sadaka kwenye kisima cha Mimir ili apewe hekima. Wewe kaka yangu umetoa elfu arobaini, na hekima hujapewa.

Kijana wa Ngarenaro:
😂😂😂 Uzi ufungwe, dada amemaliza.

Hesabu Kwanza:
Fundi, ngoja nikueleze kinachofanyika, maana naona unailaumu ngao bure. Ukibonyeza tu, programu ya kuchomoa namba kwa bahati nasibu imeshatoa namba yake, na namba hiyo ndiyo matokeo. Nguzo kuzunguka, ngoma, giza, hayo yote ni maonyesho yanayokuja baada ya jambo kuisha. Ngao yako haikuwa inashuka. Haikuwa popote.

Michezo mingi ya aina hii maelezo yake yanataja marejesho kwa wachezaji ya asilimia 96 hivi. Watu wanadhani ukiweka elfu arobaini utarudi na elfu thelathini na nane na ushee. Sivyo. Inahesabiwa kwa kila dau, si kwa salio lako. Ulizungusha mara ngapi?

Fundi wa Kaloleni:
Kama mara 400. Kuna vidogo vidogo nilikuwa napata, narudisha.

Hesabu Kwanza:
Basi umeweka madau ya laki mbili. Asilimia 4 yake ni elfu nane, hiyo ndiyo wastani wa kuliwa. Wewe umeliwa zaidi kwa sababu mchezo wenyewe ni wa kukaa kimya muda mrefu halafu unamwaga kubwa kwa mtu mmoja, na hiyo asilimia 96 inaonekana kwenye mamilioni ya mizunguko, si kwenye mchana mmoja wa Kaloleni.

Fundi wa Kaloleni:
Mkuu, nimekusoma na nimekuelewa. Sasa nijibu wewe: kama imeshaamuliwa nikibonyeza, ngoma za nini? Giza la nini? Kwa nini isiniambie tu "umekosa" nikaendelea na pindo zangu? Kuna mtu alikaa kwenye kiti akaamua ile ngao ichungulie. Akachora na misumari! Huyo mtu ndiye namtafuta.

Kijana wa Ngarenaro:
Peleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Mzee wa Sakina:
Akifika aseme nini? Ngao ilichungulia ikarudi ndani?

Mwalimu Majengo, Moshi:
Mimi kinachoniudhi kwenye mchezo huo ni zile kofia za pembe. Hao Waviking hawakuvaa pembe vitani. Kofia yao maarufu ilipatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, na ni ya chuma cha duara, haina pembe. Pembe ziliwakolea watu vichwani kupitia mavazi ya opera, yale maigizo ya kuimba, za mtunzi Wagner, Ujerumani, 1876. Yaani mmeliwa pesa na watu waliovaa nguo za jukwaani.

Fundi wa Kaloleni:
Mwalimu, hata angevaa ungo. Amenicheka.

Mama Haydom:
Halafu muwe na adabu kidogo. Wanorwei ndio walioanzisha hospitali ya Haydom kule Mbulu, 1955. Wanangu wawili nimejifungulia pale. Msiwatukane babu zao humu kwa sababu ya sloti.

Fundi wa Kaloleni:
Mama shikamoo. Sijawatukana Wanorwei. Namsema yule wa kwenye simu.

Mama Haydom:
Marahaba mwanangu. Basi umsemee pembeni.

Abiria Aliyechoka:
Nyie mnacheka na ngao, mimi leo konda wa kifodi cha Mbauda kanipakia wa tano kwenye siti ya watatu, kuku wa mtu mapajani, namdai chenji ya mia nne ananiambia "dada nitakupa tukifika". Tumefika. Amekwenda. Mia nne yangu ni zaidi ya ushindi wa fundi.

Dada Njiro:
Huyo konda namjua! Ana jino la dhahabu?

Abiria Aliyechoka:
Huyo huyo! Tena anaimba.

Kijana wa Ngarenaro:
Mimi ana mia tano yangu tangu Jumamosi.

Fundi wa Kaloleni:
Jamani, uzi ni wa ngao.

Mwanakikoba:
Afadhali konda unamwona akikimbia. Mweka hazina wetu alituambia sanduku liko salama kwao, funguo tatu, wanawake watatu. Siku ya kugawana kila mtu kaja na ufunguo wake, sanduku hakuna. Tumekaa na funguo mikononi kama tunasubiri kupangiwa nyumba.

Mwalimu Majengo, Moshi:
Ndiyo Arusha hiyo. Moshi huku mambo hayo hayapo. Mji msafi, watu wanajua kuweka pesa.

Mzee wa Sakina:
Moshi! Mji unaoumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa ndiyo wa kutufundisha?

Mwalimu Majengo, Moshi:
Tunaumaliza kwa miguu kwa sababu njia zetu zinapitika. Nyie mvua ikinyesha mnahitaji meli yenye kichwa cha joka.

Kijana wa Ngarenaro:
😂😂 Mwalimu leo kala nini?

Mwalimu Majengo, Moshi:
Mtori. Wa ndizi mshare, nyama ya mbavu, umesongwa ukasongeka. Huko Arusha mnaponda ndizi yoyote mnaiita mtori.

Dada Njiro:
Hapana, hapo umevuka mpaka. Njoo Njiro nikupikie, ukimaliza bakuli utaomba radhi.

Mama Haydom:
Mtori mzuri hauhitaji mbavu. Unahitaji mifupa na subira.

Hesabu Kwanza:
Mifupa naunga mkono.

Fundi wa Kaloleni:
Wakuu, nimefungua tena simu, kuna ujumbe wao: "Tumekukumbuka! Chukua mizunguko mitano ya bure." Na picha ya mzee amenyoosha ngao. NGAO! Nzima, misumari yote inaonekana!

Abiria Aliyechoka:
Mwalimu, huko Kiboriloni mkungu wa mshare unakwendaje siku hizi?

Mwalimu Majengo, Moshi:
Inategemea siku ya soko, na usiende mchana, vizuri vyote vinakuwa vimeshapakiwa kwenda Dar. Nenda alfajiri, chagua ambao vidole vyake vimejaa lakini ganda bado kijani kabisa.

Dada Njiro:
Nami nachukua mmoja. Nani ana gari Jumamosi?