MREJESHO: Picha zangu za mtaani za bleki endi waiti

Wakuu salama? Wiki mbili nyuma niliwauliza mbona picha zangu za Kariakoo nikizitoa rangi zinabaki kijivu tupu, hazina uhai, na watu wakiona kamera wanageuza uso.

Basi nimefanya mlivyosema. Nimeacha kwenda mchana jua likiwa utosini, sasa saa moja na nusu asubuhi nipo Mtaa wa Msimbazi, jua linaingia kwa ubavu vivuli virefu balaa. Kamera naiseti f/8 (tundu la lenzi dogo kiasi), spidi 1/500 (sehemu moja ya mia tano ya sekunde), fokasi mita mbili na nusu naiacha hapohapo, na skrini inanionyesha nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, hii ndo imenisaidia kuliko zote maana naacha kudanganywa na rangi za khanga na bajaji naanza kuona mwanga.

Kuhusu watu, nasalimia kwanza. Mzee muuza kahawa nilikunywa kwake vikombe viwili, tukapiga stori, akanisahau kabisa. Picha niliyopata ni mkono wake tu na vikombe, moshi mweupe wa mkaa, nyuma yake giza. Nimemprintia, kesho nampelekea.

Asanteni sana jamani.