Drafti ya fantasi: nianze na senta au mlinzi?

Kapu_Tupu
Wakuu, salaam. Drafti yetu ya fantasi ya NBA msimu wa 2025/26 ni Jumapili usiku (kwa wasiojua: tunachagua kwa zamu wachezaji halisi wa ligi ya kikapu ya Marekani, takwimu zao ndizo zinatupa ushindi), nami nimeangukia namba mbili. Wa kwanza lazima atamchukua Jokić, senta wa Denver. Mimi niko njia panda: Wembanyama, senta wa San Antonio, au Shai Gilgeous-Alexander, mlinzi wa Oklahoma (guard, anayeongoza mpira), halafu senta, yule mrefu wa karibu na ringi, nimtafute raundi za chini, mtu kama Gobert wa Minnesota hivi. Miaka yote nasikia warefu wamekwisha, sasa naona ndio wanaogombewa. Nisaidieni, nisije nikachekwa msimu mzima.

Namba_Hazidanganyi
Mkuu, umeuliza bei ya gunia bila kusema gunia la nini. Mko wangapi? Mnajumlisha pointi au mnashindana kipengele kwa kipengele (pointi, ribaundi, bloku na kadhalika)? Kuna wachezaji mnaobaki nao msimu ujao au mnaanza upya? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Skrini_Kali
Chukua Wemby, uzi ufungwe. Msimu uliopita bloku (mitupo aliyoizuia) 3.8 kwa mchezo, na bado anajaribu pointi tatu karibu mara tisa. Kitu kama hicho hakijawahi kuwepo.

Mzee_wa_Ringi
Nyie vijana mmeukuta mpira umeshaharibika. Shaq, yule senta wa zamani wa Lakers, alifunga pointi tatu MOJA maisha yake yote, mwaka 1996, na mwaka 2000 akawa MVP (mchezaji bora wa msimu) na bingwa. Akiupokea mpira kampa mlinzi mgongo, wanakuja watu watatu kumzuia. Leo senta anasimama kona kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Namba_Hazidanganyi
Haukuharibika mzee, sheria zilibadilika. Kabla ya 2001 ulinzi wa eneo (kulinda sehemu ya uwanja badala ya kumfuata mtu wako) ulikuwa marufuku, kwa hiyo senta akipewa mpira chini anajua msaada utatokea wapi. Uliporuhusiwa, timu zikaanza kuweka mtu mbele yake na mwingine nyuma kabla pasi haijafika. Halafu watu wakapiga hesabu: mitupo ya pointi tatu ikiingia asilimia 36 inalipa kuliko ya pointi mbili ikiingia asilimia 50. Kufikia 2012 ligi ikaondoa nafasi ya senta kwenye kura za All-Star, mchezo wa nyota wa ligi.

Mzee_wa_Ringi
Hesabu hizohizo ndizo walizopiga Houston 2020, wakamwachia senta wao Capela aende, wakamsimamisha P.J. Tucker, mtu wa mita 1.96, kuwa senta. Lakers wakawatoa raundi ya pili, 4-1. Endeleeni kuhesabu.

Benchi_la_Tatu
Mleta uzi, ngoja nikupe yaliyonikuta. Misimu michache iliyopita chaguo langu la kwanza lilikuwa senta mmoja mkubwa, jina nalihifadhi maana kuumia si kosa la mtu. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mfalme, naandika kwenye grupu maneno ambayo leo nikiyasoma natamani kuyafuta. Kisha goti. Kwenye orodha ya majeruhi wakaanza kumwandika "ana mashaka". Naweka alamu usiku wa manane, nachungulia simu chini ya shuka ili mke asiamke, bado "ana mashaka". Nikimpanga, hachezi. Nikimweka benchi, anafunga arobaini, nazitazama zimelala pale hazina kazi. Siku moja nusu saa kabla ya mchezo wakasema yumo. Nikamrudisha, nikalala kwa amani. Asubuhi nakuta dakika nne, pointi mbili, katoka anachechemea.

Kumbadilisha na mwingine nilikataa kwa kiburi tu, kila aliyeleta ofa nilimwona mwizi. Mwezi wa pili ikatangazwa msimu wake umekwisha. Nikamaliza wa mwisho, na kwetu wa mwisho anabadilishiwa picha ya wasifu miezi mitatu. Wakaniwekea kiti kitupu. Hadi kazini watu wakawa wananiuliza kile kiti ni cha nini.

Skrini_Kali
😂😂 Pole mkuu. Lakini walinzi nao wanaumia.

Benchi_la_Tatu
Wanaumia, ila msimu uliopita Shai kacheza michezo 76, pointi 32.7 kila mchezo. Wemby 46, damu iliganda begani. Najua ameruhusiwa kurudi. Moyo wangu ndio haujaruhusiwa.

Kapu_Tupu
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Tuko kumi, vipengele tisa, nafasi za senta mbili.

Namba_Hazidanganyi
Sasa ndiyo umesema! Kwenye vipengele tisa, bloku ina uzito sawa na pointi. Pointi utaziokota popote, bloku wanazo wachache. Wemby peke yake anaweza kukubebea kipengele hicho wiki nzima. Gobert naye usimdharau: ribaundi, bloku, asilimia ya mitupo. Mitupo huru ndiyo itakutia aibu.

Skrini_Kali
Gobert wa fantasi sawa. Wa playoffs, yaani mtoano, je? 2021 akiwa Utah, Clippers walipanga watano wote wanaotupa kutoka mbali, yeye akabaki katikati, akisogea kona ringi iko wazi, akibaki kwenye ringi kona iko wazi. Terance Mann akamfungia 39.

Mzee_wa_Ringi
Na wale wenzake waliokuwa wanapitwa kama mlango wazi kila shambulio? Mtu ana tuzo nne za mlinzi bora, ya mwisho 2024. Akifanya kazi ya watu watano analaumiwa kwa kazi ya wa sita.

Ringi_na_Wavu
Naomba kuuliza pembeni, Draymond Green wa Golden State, yule wa fainali za 2015, mnamhesabu senta? Mita 1.98. Kama ndiyo, basi senta ni kazi, si urefu, na mjadala mzima mmeuanza vibaya. Tazameni senta Brook Lopez: misimu minane ya kwanza alifunga pointi tatu mara tatu tu. Msimu wa 2016/17 akafunga 134, na akadumu. Roy Hibbert, senta wa Indiana, alikuwa All-Star 2014, akabaki na mchezo wake uleule wa chini, 2017 hayupo kwenye ligi.

Halafu mleta uzi, hiyo namba mbili iangalie vizuri. Kwenye drafti halisi ya NBA 2009 Memphis walikuwa hapohapo, wakamchukua Mtanzania Hasheem Thabeet, Harden na Curry bado wako mezani.

Mzee_wa_Ringi
Thabeet alifika ligi ikiwa inahamisha vyombo. Lakini Oklahoma juzi tu wamechukua ubingwa wakiwa na Hartenstein na Holmgren, warefu wawili. Vyombo vinarudishwa.

Skrini_Kali
Na Holmgren anatupa pointi tatu, mzee.

Mzee_wa_Ringi
Hartenstein hatupi.

Kapu_Tupu
Wakuu, mambo yamebadilika. Mwenye namba moja kaniandikia sasa hivi, anamtaka Wemby, anasema tubadilishane nafasi, mimi nimpe na chaguo langu la raundi ya tano. Yaani Jokić anakuja kwangu?? Huyu mtu msimu uliopita kafunga 29.6, ribaundi 12.7, asisti 10.2!

Namba_Hazidanganyi
Kwa nini anamtaka Wemby? Swali langu la tatu hujalijibu tangu mwanzo: mnabaki na wachezaji msimu ujao?

Kapu_Tupu
Ndiyo, kila mtu anabaki na wawili. Sikusema?

Benchi_la_Tatu
😂😂😂

Namba_Hazidanganyi
Jokić kazaliwa 1995, Wemby 2004. Futa yote niliyoandika juu, tuanze upya.

Mzee_wa_Ringi
Na Hakeem Olajuwon, senta wa zamani wa Houston, hakuna aliyemtaja mpaka sasa.