Mbwa wa familia: tununue kwa mzalishaji wa Moshi au tuchukue wa kituo Usa River?

mwanaNjiro

Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaojua mbwa kwa undani.

Tuko Njiro, Arusha, nyumba ya kupanga yenye uzio na ua wa kutosha. Watoto ni wawili, wa miaka 4 na 9, na tunaishi na bibi yao anayetembea kwa mkongojo. Tunataka mbwa mmoja abweke mgeni akifika getini, lakini ashinde uani na watoto bila kufungiwa bandani.

Nimebaki na njia mbili. Kuna mzalishaji Moshi, upande wa Shanty Town, ana watoto wa German Shepherd wa wiki 6. Anasema wameshamaliza chanjo zote na nimchukue mmoja wiki hii kwa sababu wateja ni wengi. Halafu kuna kituo cha mbwa waliotelekezwa huku Usa River, wana jike chotara wa miaka kama 2, kilo 18 hivi, ameshafungwa kizazi. Baba watoto anasema mbwa wa kituo huja na tabia mbaya na magonjwa. Nyie mngechagua yupi, na mngekagua nini?

Banda_Safi

Dada, wiki 6 na "wamemaliza chanjo zote" haviendi pamoja. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama kupitia maziwa ya mwanzo, na kinga hiyohiyo huizuia chanjo isifanye kazi ikichomwa mapema. Ndiyo maana chanjo ya mseto (parvo, distempa na homa ya ini, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa) huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akitimiza miezi 3. Huyo wa wiki 6, akiwa na bahati, amepata sindano moja tu.

Omba kadi uisome mwenyewe. Kadi ya kweli ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Pembeni pana tarehe ya kuchoma, saini na mhuri wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kadi iliyojazwa alama za vema kwa kalamu moja na siku moja haikusaidii kitu. Na hata stika ikiwepo, uliza nani alichoma. Chanjo hizi hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na kichupa kilichokaa kwenye friji ya duka umeme ukiwa umekatika kutwa nzima kinaweza kuwa maji tu. Ukiwa na shaka, mwache daktari wako aanze ratiba upya, mtoto hadhuriki.

Halafu hilo la kukuharakisha. Kuanzia wiki ya 5 watoto wanakula sana na gharama inapanda kila siku, kwa hiyo mwenye haraka ya kuuza anapunguza midomo. Anayeumia ni wewe. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 ndugu zake ndio wanaomfundisha kuuma kwa kipimo: akizidisha nguvu mwenzake analia na mchezo unaisha. Ukimwondoa kabla ya hapo, somo hilo atalisomea kwenye mikono ya mwanao wa miaka 4. Usimchukue kabla ya wiki 8, hata akikwambia kuna mtu anasubiri getini na pesa.

Na lazima umwone mama. Mama anayebweka mgeni kisha akatulia mwenye mbwa akimwongelesha, huyo sawa. Aliyefungiwa bandani mchana kutwa, anayerukia wavu kila mtu akipita, usichukue mtoto wake kwa ajili ya nyumba yenye watoto. Woga na ukali hurithiwa kwa kiasi, na mtoto huiga mengine akiwa bado ananyonya. German Shepherd wana tatizo la nyonga pia, kwa hiyo muombe mwenyewe amkimbize mama mbele yako. Akiruka na miguu ya nyuma yote kwa pamoja kama sungura, au akinyanyuka kwa shida, ondoka. Picha ya eksirei ya nyonga hupigwa mbwa akiwa ametimiza angalau miezi 12, nayo ndiyo ushahidi wenye maana. Uliza pia dume ni nani na babu ni nani, maana dume mmoja anayesifika hupandishwa mitaa mingi na si ajabu ukakuta baba na mama ni damu moja.

Mkanda_na_Ukosi

Mama, la baba watoto lina ukweli nusu. Mbwa wa kituo anaweza kuwa na tabia mbaya, na wa mzalishaji vilevile. Ila tabia ya jike wa miaka 2 imeshakomaa na unaiona leo, wakati ya mtoto wa wiki 8 unaibashiri. Kazi iliyobaki ni kuitazama vizuri.

Nenda mara tatu, saa tofauti, na mojawapo iwe wakati wa kulisha. Mara ya kwanza acha watoto nyumbani. Simama ubavu, usimkazie macho wala usimwinamie. Unayemtaka anakuja mwenyewe, mwili umelegea, mkia unapepea usawa wa mgongo au chini kidogo. Mwili ukikakamaa na mkia ukasimama kama fimbo, hata ukitikisika, huyo hajawa rafiki.

Akila, usiingize mkono bakulini. Watu hufanya hivyo wakidai wanampima, wanaumwa bure. Simama hatua kama 3 kutoka kwake umtupie kipande cha nyama. Akiinua kichwa akusubiri utupe kingine, vizuri. Akiganda, akaanza kumeza harakaharaka na kukutazama kwa pembe ya jicho mpaka weupe unaonekana, analinda chakula. Mtoto wa miaka 4 hutembea na mkate mkononi siku nzima, kwa hiyo mbwa huyo si wa nyumba yenu.

Kwa sababu ya bibi, chukua fimbo au mkongojo utembee nao polepole mbele yake bila kuuinua. Mbwa aliyepigwa sana mitaani huiona fimbo kuwa silaha, atatambaa, atajificha au atabweka. Woga wa namna hiyo hupungua kwa miezi ya kazi, ila nyumba ambayo fimbo inapita kila dakika ni pagumu pa kuanzia.

Mwombe mhudumu aliyemzoea amguse masikio, makucha na mkia, na amfungue mdomo. Kisha mtembezeni kwa mkanda mpaka bodaboda zinapopita. Kushtuka si kosa. Hesabu anachukua muda gani kutulia: sekunde chache ni sawa, dakika kumi za kuvuta na kuhema ni jambo jingine.

Mwisho waulize ametoka wapi, amekaa kituoni muda gani, amewahi kuuma, na kama wanakubali umlee wiki mbili kwanza ndipo mkubaliane moja kwa moja. Kituo kinachokubali mbwa arudi ikishindikana kinakusaidia kuliko kinachotaka tu kupunguza idadi.

KupeSumu

Niongeze magonjwa, maana huko ndiko watu huumia. Kwa mbwa yeyote mkubwa wa ukanda huu, omba apimwe damu kwa ajili ya magonjwa ya kupe kabla hajaja nyumbani. Mtazame ufizi: uwe wa waridi, ukiubonyeza kwa kidole ugeuke mweupe na kurudi rangi yake ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe na mkojo wa rangi ya chai nyeusi ni dalili ya babesia, mmoja wa magonjwa hayo ya kupe. Kutokwa damu puani bila kuumia kunaweza kuwa erlikia, mwingine wa kupe, ambao hutibiwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini kwa wiki zisizopungua 4, na watu wengi huacha dawa siku ya 7 mbwa akishachangamka, ugonjwa unarudi.

Kwa mbwa aliyetoka mtaani kagua sehemu za siri, dume au jike. Uvimbe unaotoa damu wenye umbo la koliflawa ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Inatibika vizuri kwa sindano za kila wiki chini ya daktari, kwa hiyo usimkatae kwa hilo, ila ujue kabla. Tazama na katikati ya vidole kama kuna funza.

Na tafadhali sana, msitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe wala sindano ya ivermektini (dawa ya minyoo na wadudu) ya ng'ombe kwa kukadiria. Dozi ya mbwa ni ndogo mno ikilinganishwa na ya ng'ombe, na wapo mbwa wa mbegu, hasa jamii ya kolli, ambao ubongo wao hauvumilii dozi kubwa ya dawa hiyo.

mwanaNjiro

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Swali: jirani kaniambia mpangaji aliyetutangulia alikuwa na vitoto viwili vya mbwa, vikafa kwa kutapika na kuharisha damu mvua za masika zilizopita. Hiyo inatuhusu?

Banda_Safi

Inawahusu sana dada, hiyo inafanana na parvo. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, na penye kivuli na unyevu vinaweza kupita mwaka. Masika yaliyopita ni karibu mno.

Kwa ua huo, mtoto wa wiki 8 mwenye sindano moja au mbili asikanyage udongo mpaka chanjo ya wiki 16 ipite na siku kama 10 juu yake. Hizo ni wiki 9 za kumlea ndani ya nyumba, tena katika umri anaotakiwa kuzoea watu na sauti. Jike wa miaka 2 mwenye chanjo kamili hana shida hiyo. Mimi hapo nisingesita.

Barazani na kwenye sakafu ya banda, sugua uchafu wote kwa sabuni kwanza, kisha mwagia jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iache imelowa dakika 10, suuza. Ukimwaga juu ya uchafu haifanyi kazi, na kwenye udongo haisaidii. Udongo unaachiwa jua na muda. Vyombo vya zamani na magunia ya kulalia vichomwe.

Mlimani_Moshi

Naheshimu yote yaliyosemwa, ila wazalishaji tusiwaweke kapu moja. Mzalishaji mzuri hukuhoji wewe: uzio una urefu gani, nani atashinda na mbwa, utamlisha nini. Anakwambia uzito wa baba na mama, na anamchukua mbwa wake ukishindwa. Faida yake ni kwamba unajua atakavyokuwa.

Na kwa dada huyu, hicho kinachojulikana ndicho kinachonipa wasiwasi. Dume wa German Shepherd hufika kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Kati ya miezi 6 na 18 ana nguvu za mtu mzima na akili ya mtoto, na bibi wa mkongojo ataangushwa kwa furaha tu, bila ubaya wowote. Anahitaji kutembezwa na kufundishwa kila siku, saa moja au zaidi. Akikosa, atachimba ua na kukimbizana na uzio, ndipo watu wanamfungia mchana na kumfungulia usiku. Mbwa wa kufungiwa namna hiyo hajui mtu wa nyumbani ni nani zaidi ya anayemletea chakula.

Kulisha nako kuna gharama yake. Ugali wa dona na mchuzi haukuzi mifupa ya mbwa mkubwa, na nyama tupu bila chanzo cha kalsiamu huileta miguu iliyopinda. Mahindi yenye ukungu ambayo watu husema "mpe mbwa" yana sumukuvu inayoua ini lake.

Kama baba watoto hataki kabisa wa kituo, muulizeni mzalishaji kama ana jike aliyebaki wa mwaka 1 au 2. Mara nyingi wapo, na vipimo vyote alivyoeleza Mkanda vinafaa kwake pia.

mwanaNjiro

Baba watoto kasoma, kakubali tuende Usa River Jumamosi bila watoto. Tukikubaliana na huyo jike, siku za mwanzo tufanyeje?

Mkanda_na_Ukosi

Vizuri mama. Mleteni asubuhi, siku ambayo mtu mzima anashinda nyumbani. Geti lifungwe kwa kufuli, kwa sababu mbwa wa kituo ni rahisi kutoroka siku za mwanzo, na hajui kwenu ni wapi hata arudi. Ukosi uwe na namba ya simu kabla hajashuka kwenye gari. Mzungusheni ua kwa mkanda, mumwonyeshe maji na pa kulala, mumwache.

Wiki mbili za mwanzo mpeni chakula kilekile cha kituoni, kisha mkibadilishe kidogokidogo kwa siku 7, la sivyo ataharisha na mtadhani ni ugonjwa. Milo 2 kwa siku, watoto wakiwa ndani. Watoto wasimkumbatie, wasimfuate anapolala, na wasiachwe naye peke yao, huyu wa miaka 4 hasa, kwa miezi mingi ijayo. Wa miaka 9 anaweza kumtupia chakula na kumwita jina.

Dawa ya minyoo kila miezi 3, kinyesi kiokotwe kila siku kabla mayai ya minyoo hayajakomaa kwenye udongo wanaochezea watoto. Chanjo ya kichaa kila mwaka, na mkiikosa kliniki, sikilizeni matangazo ya kampeni karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa yeyote akimng'ata mtoto, wenu au wa jirani, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili mkitazama saa, ndipo mkimbie hospitali siku hiyohiyo. Msipake pilipili wala mafuta ya taa.

Jumamosi nendeni na mkongojo.