Vyumba sita Chanika kwa mkopo wa mshahara, mnanishauri nini?

Mwalimu_Chanika
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja cha 20 kwa 20 Chanika na milioni 9 mkononi. Benki iko tayari kunipa milioni 20 kwa dhamana ya mshahara, riba asilimia 17, miezi 36. Nawaza nipandishe vyumba sita vya kupangisha kwa mpigo, kodi za wapangaji ndiyo zilipe mkopo. Chumba masta huku kwetu ni elfu 70 kwa mwezi. Nichukue?

Kizibo
Chukua mkuu. Ukisubiri, bei ya saruji haikusubiri.

Mama_Wapangaji
Mwalimu, shika kalamu kwanza. Mkopo huo, kwa riba hiyo, makato yake ni kama 713,000 kwa mwezi. Vyumba sita vikijaa vyote unapata 420,000. Hiyo laki tatu kasoro inatoka mfukoni mwako, na makato yanaanza fundi akiwa bado anachimba msingi!

Mimi nina vyumba Mbagala. Kwa milioni 9 jenga viwili, uvimalize kabisa, ukuta wa mwisho uachwe na meno ili vingine viunganishwe baadaye. Huku tunapokea kodi ya miezi sita, kwa hiyo viwili vinakupa 840,000 siku wanayoingia. Hiyo usiile, ni tofali za chumba cha tatu.

Usibane pesa kwenye karo la choo wala umeme. Kila chumba kiwe na mita yake. Nilipokuwa na LUKU moja, mwenye friji anamlaumu mwenye pasi, muuza barafu analaumiwa na wote, saa nne usiku napigiwa simu kwamba giza limeingia na hakuna anayetaka kuchanga. Halafu kodi ya jengo inakatwa humohumo mtu akinunua umeme. Mwaka 2023 ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi, nayo wakaigombania. Andika kwenye mkataba kwamba utawarudishia.

Mwalimu_Chanika
Dada, umenifungua macho. Kiwanja nina karatasi ya mauziano, mwenyekiti wa serikali ya mtaa kagonga muhuri. Inatosha?

Karani_Ardhi
Hiyo inaonyesha mliuziana, hati siyo. Ndiyo maana benki imeng'ang'ania mshahara wako, kiwanja haikukigusa. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize kama eneo limepimwa na limepangwa kwa makazi, isije ikawa njia ya barabara. Na siku ukipata hati ukataka kuweka rehani nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenza wako aridhie.

Mama_Wapangaji
Aende kabla hajamwaga hata mchanga. Na fundi usimlipe kwa siku, mwalimu, atakuzeekea saiti. Patana naye kwa hatua: msingi, kuta, kupaua. Hatua ikiisha, kagua, ndipo utoe hela.