Matete kukausha tope la vyoo, mji mdogo inawezekana?

Wakuu habari, huku kwetu hakuna mtambo wowote, gari la majitaka likishanyonya vyoo linaenda kumwaga porini. Nasikia kuna vitanda vya matete, yaani matete yanapandwa halafu tope linamwagwa humo likauke, sasa si yatakufa tu na ule uchafu?

> Hayafi mkuu ila anza kidogokidogo, miche ikiwa michanga ukiimwagia tope zito yote inakauka. Chini kokoto, juu mchanga, maji yanachuja yanatokea kwenye bomba, na upepo ukiyatikisa mashina yanapasua lile gamba la juu ndo maana kitanda hakizibi haraka kama kile cha mchanga mtupu kisicho na matete. Denmark wanatumia toka miaka ya 1980, kitanda kinapokea tope kama miaka 10 ndo kinachotwa.

> Ila yale maji ya chini bado machafu, yapitishe bwawani kwanza. Na vitanda viwe kadhaa, kimoja kikimwagiwa vingine vinapumzika.

Je hilo tope likikauka naweka kwenye mchicha?

> Mchicha hapana aisee 😅 mayai ya minyoo ni sugu mno, kitanda kipumzishe muda mrefu bila tope jipya halafu peleka kwenye miti.