Eti boti yangu ni BESENI!! Mbele ya mama mkwe!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Leo saa nne asubuhi, pale Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni, nimeitwa mwenye beseni. Na nani? Mnamjua. Yule yule mwenye kofia ya unahodha ambaye hata baiskeli humshinda kona. Simtaji.

Nilikuwa nimetulia zangu nasugua ubavu wa boti na sponji. Boti ya tanga, faiba, ya kiwandani, futi 22, imetoka Dar juu ya semi. Mama mkwe kasimama na mfuko wake wa dagaa, ndiyo mara ya kwanza anaiona. Jamaa akaja, akaigonga kwa kidole, ko ko ko, akatega sikio kama daktari, halafu kwa sauti ya mpiga debe: "Mzee, hili ni beseni. Tia sabuni ufulie."

BESENI.

Mama mkwe akacheka. Ukoo ule nimetoa ng'ombe kumi na mbili na sijawahi kumwona jino hata moja. Leo nimeyahesabu yote.

Eti ya kiwandani haina mbao, haijazibwa pamba, bahari kuu itaipasua kama yai. Nani kamwambia naenda bahari kuu? Naenda Ukerewe! Na hata ningeenda: kila Novemba msafara wa boti, nyingi za kiwandani, unatoka Las Palmas unakatiza Atlantiki hadi Saint Lucia, maili za bahari kama 2,700. Yangu ina kibao kabisa, kimeandikwa C, alama ya Ulaya! Halafu alivyoigonga sasa. Ko ko ko. Kama anachagua tikiti!

Sangara_Mkavu: Pole mkuu. Beseni rangi gani?

Mleta uzi: Bluu. Inahusu nini?

Sangara_Mkavu: Basi. Langu lililoibiwa lilikuwa jekundu.

Nanga_Mbovu: Kiongozi, C siyo sifa. A ndiyo ya bahari kuu, upepo kuzidi nguvu ya 8 kwa kipimo cha Beaufort na mawimbi kuzidi mita 4. B inaishia hapo. C ni ya karibu na pwani na maziwa makubwa, nguvu ya 6, mawimbi mita 2. Kibao kilishasema kabla ya jamaa.

Mleta uzi: Nilijua C ni kama matokeo ya mtihani, kwamba imefaulu. Ila kaigonga MBELE YA MAMA MKWE, hilo mbona hulijibu?

Mjukuu_wa_Ukara: Hata hizo kubwa kagueni mkuku, lile pezi zito la chini ya boti. Mei 2014 boti ya kiwandani ya futi 40 hivi, jina lake Cheeki Rafiki, ikirudi Uingereza kutoka Antigua, mkuku ulichomoka ndani ya Atlantiki. Watu wanne hawakupatikana. Wachunguzi walisema huenda kugusa chini huko nyuma na matengenezo yake viliidhoofisha. Na sisi hapa mawe kila kona. Wewe hujagusa?

Mleta uzi: Jumapili, kidogo tu.

Sangara_Mkavu: 😂😂 Mama mkwe anajua?

Dada_Dagaa: Afadhali nyie mna beseni. Mimi fundi wa mtumbwi kala advansi yangu, giza la kuvulia dagaa limekuja likaisha, mbalamwezi hii hapa, wenzangu wameshavua na kuuza. Ukimpigia yuko msibani. Kwao wanakufa kila Jumatatu.

Bwana_Karabai: Ana pikipiki nyekundu haina vioo?

Dada_Dagaa: HUYO HUYO!

Bwana_Karabai: Mbao zangu ishirini ziko kwake tangu Pasaka. Kaniambia zinakauka.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye beseni.

Dada_Dagaa: Subiri kwanza kaka. Bwana Karabai, mbao zako zilipakwa rangi ya kijani kwenye ncha? Maana leo Igombe kuna mtumbwi mpya umeshushwa majini, na ile kijani nimeiona kwa macho yangu.