Naomba ushauri: maswali ya mwendokasi, umbali na muda yananiangusha kwenye usaili wa kuandika

Mtafuta Kazi (mtoa mada)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeachwa mara mbili kwenye usaili wa kuandika, na mara zote mbili dakika zangu ziliishia kwenye maswali ya mwendokasi. Kanuni naijua tangu shule ya msingi, yaani umbali gawanya kwa muda, lakini swali likigeuzwa kidogo napotea. Safari iliyopita tuliulizwa kuhusu gari lililokwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa, tutafute mwendokasi wa wastani. Nilijibu 50, na kwa kuwa 50 ilikuwamo kwenye machaguo, nilitoka ukumbini nikiwa na amani kabisa, mpaka mwenzangu aliponiambia kwamba jibu ni 48. Sijaelewa hadi leo. Usaili mwingine ni baada ya wiki tatu.

Chaki Nyeupe

Pole sana, mtoa mada. Wastani wa mwendokasi ni umbali wote kugawanywa kwa muda wote, basi. Kwa kuwa umbali hukupewa, chagua mwenyewe unaogawanyika kwa 60 na kwa 40. Kigawe kidogo cha shirika ni 120. Kwenda kunachukua saa 2, kurudi saa 3, hivyo kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Gari limekaa barabarani muda mrefu zaidi likiwa kwenye mwendo mdogo, ndiyo maana wastani umevutwa upande wa 40. Jibu lako la 50 lingekuwa sahihi iwapo gari lingetembea saa sawa kwa kila mwendo. Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa chochote, jiulize kilichofanana ni umbali au ni muda.

Abiria wa Reli

Naongezea kuhusu vipimo, maana hapo ndipo mimi nilipoumia. Kilomita kwa saa ukitaka ziwe mita kwa sekunde, zidisha kwa 5 kisha gawanya kwa 18, kwa sababu kilomita ina mita 1,000 na saa ina sekunde 3,600. Treni yenye urefu wa mita 150 inayokwenda kilomita 72 kwa saa inakwenda mita 20 kila sekunde. Ikivuka daraja la mita 250, wengi hugawanya 250 kwa 20. Jione umesimama darajani: kichwa kikishafika ng'ambo, mabehewa bado yako juu ya daraja, na treni haijavuka mpaka behewa la mwisho litoke. Umbali ni mita 400, na muda ni sekunde 20.

Saa Mbili Kamili

Jihadhari pia na dakika. Basi likitoka 8:40 na kufika 11:00, limetumia saa 2 na dakika 20, ambayo ni saa 7/3, wala si 2.2. Kama umbali ni kilomita 140, mwendokasi ni 60, ukiandika 2.2 utapata 63.6, na mtunga swali anaweza kuwa ameiweka kwenye machaguo makusudi. Karatasi ikiandika saa kwa Kiingereza, zitoe kama zilivyo, usianze kuzigeuza kuwa saa zetu.

Mtafuta Kazi (mtoa mada)

Nawashukuru sana. Nimejaribu hili: miji iko umbali wa kilomita 440, basi la kwanza linatoka saa 12:00 asubuhi kwa kilomita 80 kwa saa, la pili linatoka mji wa pili saa 1:00 kwa kilomita 70 kwa saa, na yanaelekeana. Nimeondoa kilomita 80 ambazo basi la kwanza lilitembea peke yake, zikabaki 360. Kwa sababu yanakaribiana, nimejumlisha 80 na 70, nikagawanya 360 kwa 150, nikapata saa 2.4. Je, yanakutana saa 3:40?

Chaki Nyeupe

Njia yako ni sahihi yote, ila rudia ushauri wa aliyetangulia: 0.4 ya saa ni dakika 24.

Mtafuta Kazi (mtoa mada)

Saa 3:24 asubuhi. Nimeiona.